Krimu au kijivu: Rangi ipi humlipa mwenye nyumba?

Mwenye nyumba ya kupangisha anayeingia duka la vifaa vya ujenzi na fedha za kupaka vyumba sita tu, bila akiba ya kurudia kazi, hukutana na swali ambalo miaka ya nyuma halikuwapo. Zamani aliomba nyeupe au krimu, akafungiwa ndoo akaondoka. Siku hizi muuzaji humfungulia kadi ya rangi, na karibu na krimu pamejipanga kijivu cha kila namna, kuanzia kile kinachokaribia weupe hadi kile cha wingu la mvua.

Zote mbili ni rangi tulivu. Hazigombani na kochi, pazia wala zulia la mpangaji, na hiyo ndiyo sababu wenye nyumba huzipenda. Lakini kibiashara si kitu kimoja. Zinatofautiana katika idadi ya ndoo zinazonunuliwa, sura ya chumba mbele ya mteja, gharama ya kurekebisha ukuta mpangaji anapohama, na mtaji unaolala kwa muuza duka. Anayechagua kwa macho peke yake huweza kulipia tofauti hiyo kwa miaka mitatu au minne.

Kilichomo ndani ya kopo

Rangi ya maji ya krimu na ya kijivu huanzia mahali pamoja: poda nyeupe iitwayo titani dioksaidi. Hiyo ndiyo inayoipa rangi uwezo wa kufunika ukuta, na ni miongoni mwa malighafi ghali zaidi koponi. Krimu hupatikana kwa kuongeza oksaidi ya chuma ya njano kidogo, na mara nyingine nyekundu chembe. Kijivu hupatikana kwa kuongeza nyeusi, ambayo kwa kawaida ni masizi laini ya kiwandani au oksaidi nyeusi ya chuma.

Tofauti hiyo ndogo ina matokeo makubwa. Nyeusi humeza mwanga, hivyo hata ikiwa kidogo husaidia kuficha kilichopo chini. Njano nyepesi haina nguvu hiyo. Ndiyo maana mafundi hujua kwamba kijivu cha wastani huweza kufunika ukuta wenye madoa kwa mikono miwili, ilhali krimu ya daraja lile lile huhitaji mkono wa tatu.

Mfanyabiashara wa Afrika Mashariki ana sababu ya kuifuatilia poda hiyo nyeupe. Kwale, pwani ya Kenya, mchanga wenye madini ya ilmenaiti na rutaili, ambayo ndiyo asili ya titani, ulichimbwa na kusafirishwa nje kupitia Likoni, Mombasa, kuanzia mwaka 2014 hadi uchimbaji ulipokoma mwishoni mwa 2024. Mchanga uliondoka kama malighafi, na poda viwanda vya rangi vinainunua kwa fedha za kigeni. China ndiyo mzalishaji mkubwa kuliko wote, na Januari 2025 Umoja wa Ulaya ulithibitisha ushuru maalumu dhidi ya poda ya China kwa hoja kwamba inauzwa kwa bei ya kutupa. Kwa hiyo bei ya ndoo ya krimu katika mtaa wa Gerezani hufuata mambo mawili yaliyo mbali na duka: soko la poda hiyo duniani, na thamani ya shilingi mbele ya dola.

Hesabu ya chumba kimoja

Chukua chumba cha mita 4 kwa mita 3.5, chenye kuta za urefu wa mita 3. Mzunguko wake ni mita 15, hivyo kuta zote zina mita za mraba 45. Ukitoa mlango mmoja na dirisha moja la kawaida, hubaki kama mita za mraba 41 za kupaka. Dari huhesabiwa peke yake, na kwa kawaida hupakwa nyeupe.

Lita moja ya rangi nzuri ya maji hufunika takribani mita za mraba 10 kwa mkono mmoja juu ya ukuta laini. Ukuta wa plasta yenye chembechembe hunywa zaidi. Kwa kiwango hicho, mikono miwili hula lita 8.2, na mikono mitatu lita 12.3. Tofauti ni lita 4, yaani kopo zima, bila kuhesabu siku ya ziada ya fundi.

Kwa vyumba sita vya namna hiyo, mikono miwili huhitaji lita 49, ambazo zinatoka katika ndoo tatu za lita 20 na baki ya kuwekea marekebisho. Mikono mitatu huhitaji lita 74, nazo ni ndoo nne. Kwa hiyo palipo na kuta zilizochoka, anayechagua kijivu huweza kuokoa ndoo nzima. Hapo kijivu kinaanza kwa kuongoza.

Hata hivyo, hesabu hiyo ina marekebisho mawili. Kwanza, ukuta mpya uliopigwa plasta vizuri na kusafishwa kwa msasa hauna madoa ya kufichwa, na hapo krimu na kijivu huenda sawa kwa mikono miwili. Pili, mwenye nyumba anayetaka krimu juu ya ukuta mchafu anaweza kutanguliza mkono mmoja wa rangi nyeupe ya bei nafuu, kisha akamalizia na mikono miwili ya krimu. Ndoo ya nne haikwepeki, ila itakuwa ya bei ya chini.

Mwanga ndio muuzaji wa chumba

Watengenezaji wengi huandika nyuma ya kadi zao kipimo cha mwanga unaorudishwa na rangi, kuanzia 0 kwa nyeusi kamili hadi 100 kwa nyeupe kamili. Krimu nyingi hukaa kati ya 75 na 85. Kijivu chepesi kinachopendwa majumbani hukaa karibu na 60. Mfano unaojulikana sana ni Agreeable Gray ya kampuni ya Sherwin-Williams ya Marekani, ambayo kipimo chake ni 60.

Pengo la pointi 15 huonekana dogo kwenye karatasi, lakini chumbani hukua, kwa sababu mwanga hugonga ukuta mmoja ukarukia wa pili. Mwanga uliogonga mara mbili kuta za kipimo cha 75 hubaki asilimia 56. Kuta za kipimo cha 60 hubakisha asilimia 36. Kwa hiyo pembe iliyo mbali na dirisha ndiyo inayoumia zaidi, na hapo ndipo mpangaji mtarajiwa husimama akijiuliza kitanda kitakaa wapi.

Katika mitaa mingi ya Dar es Salaam dirisha halitazami bustani. Linatazama ukuta wa jirani, pengine hatua mbili tu. Chumba cha namna hiyo kikipakwa kijivu huonekana kama jioni hata saa sita mchana. Gharama yake haimo katika umeme: taa ya wati 9 ikiwashwa saa sita za ziada kila siku hula uniti moja na nusu kwa mwezi, kiasi ambacho hakimtishi mtu. Hasara huja pale dalali anapomleta mteja, mteja akachungulia mlangoni, akasema atarudi, na asirudi.

Upande wa dirisha nao una neno. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, hivyo jua la adhuhuri hukaa upande wa kaskazini tangu mwanzoni mwa Machi hadi mapema Oktoba, kisha huhamia kusini kwa miezi iliyobaki. Dirisha la magharibi hupokea jua la jioni lenye wekundu, ambalo huifanya krimu ionekane njano kupita kiasi na kukifanya kijivu kipate joto kidogo. Kwa chumba hicho, kijivu ndicho hupendeza. Huko Njombe au Arusha, mawingu na baridi ya Juni hadi Agosti huleta mwanga wenye ubuluu, nacho kijivu huonekana baridi zaidi, wakati krimu hukipa chumba uhai.

Usiku mambo hubadilika tena. Taa nyingi za bei nafuu zinazouzwa kwa jina la nyeupe zina kipimo cha 6500 cha joto la mwanga, na mwanga wake huelekea ubuluu. Chini ya taa hizo kijivu huweza kugeuka buluu au zambarau ambayo mnunuzi hakuiona dukani. Taa ya njano ya 2700 au 3000 hukirudisha kijivu katika utulivu wake, lakini huizidishia krimu unjano.

Mpangaji akihama

Gharama ya rangi haiishii siku fundi anapokunja ngazi. Kila mpangaji anapohama, ukuta huachwa na alama: mikono karibu na swichi, mgongo wa kiti, misumari ya picha, na moshi pale jiko la mkaa lilipowashwa karibu na mlango.

Kwa alama za mikono na moshi, kijivu huvumilia zaidi. Krimu huonyesha kila kidole. Lakini kwa mikwaruzo na matundu ya misumari mambo hugeuka. Plasta ya chini na poda ya kuzibia ni nyeupe au karibu na nyeupe, hivyo mkwaruzo juu ya krimu hauonekani sana, ilhali juu ya kijivu hung'aa kama chaki ubaoni. Pwani pana jambo la ziada: chumvi inayopanda na unyevu kutoka kwenye msingi huacha unga mweupe ukutani, na unga huo hujitangaza zaidi juu ya kijivu. Maeneo ya vumbi jekundu la bara, krimu hulificha vumbi hilo vizuri zaidi kwa kuwa ina asili ya njano.

Marekebisho ya sehemu ndogo ndiyo mtihani wa kweli. Krimu ya kiwandani hutoka koponi ikiwa tayari na kuuzwa kwa jina lile lile katika maduka mengi, hivyo kopo la mwaka ujao halitapotea mbali na la mwaka huu. Kijivu mara nyingi huchanganywa dukani kwa mashine. Mwenye nyumba asipohifadhi namba ya mchanganyiko na aina ya rangi ya msingi iliyotumika, atarudi na maelezo ya mdomo, na kiraka kitaonekana. Kwa fundi anayechanganya kwa mkono, akidondoshea nyeusi ndani ya ndoo nyeupe kwa kukadiria, hatari ni kubwa zaidi: matone machache tu huitenganisha ndoo ya kwanza na ya pili, na chumba hupata kuta mbili za kijivu tofauti.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Namba ya rangi, tarehe ya ununuzi na namba ya toleo iliyopigwa chini ya kopo ni mambo ya kuandikwa katika daftari lile lile la kodi. Aidha, ndoo zote za chumba kimoja zinunuliwe siku moja na zichanganywe pamoja kabla ya kupaka.

Milango na miimo hupakwa rangi ya mafuta, na hapo krimu ina faida ambayo wengi hawaijui. Rangi ya kawaida ya mafuta hugeuka njano kadiri miaka inavyopita, hasa mahali pasipofikiwa na mwanga. Krimu huumeza unjano huo bila mtu kugundua. Kijivu chenye ubuluu kikipata njano juu yake huelekea ukijani, na mlango huonekana umezeeka kabla ya wakati wake.

Kwa muuza duka

Mfanyabiashara mdogo wa vifaa naye ana hesabu yake. Asiye na mashine ya kuchanganya huhitaji kuweka krimu moja au mbili tu, na mtaji wake huzunguka haraka. Akitaka kuuza kijivu kilichochanganywa kiwandani, lazima aweke vivuli vitatu au vinne, kwa sababu mteja anayetaka chepesi hakubali cha wastani. Kila kivuli kinachokaa rafuni ni fedha zilizolala, na rangi ya maji si chuma. Ikikaa muda mrefu kwenye joto huganda au kunuka.

Mwenye mashine huweka rangi ya msingi peke yake na kuchanganya kivuli mteja anapolipa. Lakini ndoo ikishachanganywa haina mwenyewe mwingine. Mteja akirudi akisema haikuwa hiyo, duka huingia hasara au huingia ugomvi. Wauzaji wazoefu humtaka mteja achukue kwanza kopo dogo la majaribio, na hawachanganyi ndoo kabla hajalikubali.

Mitindo ni hatari nyingine. Wimbi la kijivu lilitawala Marekani na Ulaya katika miaka ya 2010, na mwaka 2021 kampuni ya Pantone ilikiweka kijivu kuwa mojawapo ya rangi zake mbili za mwaka. Kufikia 2025 kampuni hiyo hiyo ilikuwa imehamia kahawia laini, na wapambaji wa nyumba huko wanarudi kwenye rangi zenye joto. Mitindo hufika kwenye masoko ya mbali ikiwa imechelewa, na huondoka bila kuaga. Anayejaza stoo vijivu leo kwa kuwa vilitoka jana anapaswa kukumbuka kwamba krimu imepita mitindo mingi ikiwa bado inauzwa.

Wawekezaji wanaotazama sekta hii kupitia hisa wana mlango mwembamba. Crown Paints Kenya, iliyojulikana zamani kama Crown Berger, imeorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi na ina kampuni tanzu katika nchi jirani. Mwaka 2017 kampuni ya Kansai Plascon ilinunua biashara ya Sadolin ya Kenya, Uganda na Tanzania, ishara kwamba wenye mitaji mikubwa wanaiona ndoo ya rangi ya eneo hili kama biashara ya muda mrefu.

Tahadhari ya risasi

Bei isiwe kigezo pekee. Baadhi ya rangi za mafuta duniani zimetiwa njano yenye madini ya risasi, na krimu, kwa kuwa inahitaji njano, iko karibu zaidi na hatari hiyo kuliko kijivu cha masizi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ni sehemu 90 katika milioni. Mnunuzi atafute alama ya shirika la viwango la nchi yake na maandishi yanayosema rangi haina risasi, hasa kwa milango na madirisha ambayo watoto huyashika. Kopo lisilo na jina la kiwanda liachwe rafuni hata likiwa nusu bei. Rahisi ghali.

Uamuzi

Jaribio la bei ndogo hutatua mabishano mengi. Vipande viwili vya ubao wa sentimita 60 kwa 60 hupakwa mikono miwili kila kimoja, kimoja krimu na kingine kijivu, kisha husimamishwa kwenye pembe yenye giza kuliko zote. Hutazamwa asubuhi, saa nane mchana, na usiku taa ikiwaka. Kinachobaki kizuri mara zote tatu ndicho cha kununua. Na ukuta wa plasta mpya usiguswe na rangi yoyote kabla ya wiki nne, maana alikali na unyevu wake huharibu krimu na kijivu bila upendeleo.

Kisha kuna kipimo cha fedha. Mwenye nyumba aweke bei ya ndoo moja dukani kwake kando ya kodi ya mwezi mmoja ya chumba kimoja. Kijivu huweza kumwokolea ndoo hiyo mara moja, siku ya kupaka. Ikiwa ndoo ni chini ya kodi ya mwezi, basi chumba kimoja kati ya sita kikikosa mpangaji mwezi mmoja kwa sababu ya giza, akiba yote imekwisha na deni limeanza.

Kwa hesabu hiyo, vyumba vyenye dirisha moja, vinavyotazamana na ukuta wa jirani, au vilivyo nyanda za baridi, hulipa zaidi vikiwa krimu. Sebule pana yenye madirisha mawili, chumba kinachopigwa na jua la jioni, na ofisi au korido inayopitiwa na mikono mingi, hulipa zaidi vikiwa kijivu chepesi, mradi namba ya mchanganyiko imeandikwa. Ambaye hajui mpangaji wake atakuwa nani, na ana fedha za kupaka mara moja tu, ana sababu nyingi za kurudi na ndoo za krimu.